Sura ya Tatu: Baada ya Ba Be Bi Bo Bu

Mtoto anayeanza kusoma kwa Kiswahili ana bahati ambayo wazazi wengi hawaijui. Irabu ni tano tu, na kila moja hutoa sauti ile ile popote iwekwapo. Silabi karibu zote huishia kwa irabu. Kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa, wala hakuna herufi bubu inayomvizia mtoto katikati ya neno. Mwaka 2003 watafiti Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Watoto wa Kifini, Kigiriki na Kiitaliano walikuwa wakisoma maneno karibu bila kosa mwaka wa kwanza ulipokuwa ukielekea kwisha. Waliosomeshwa kwa Kiingereza, huko Scotland, walihitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti ule, lakini kwa tahajia yake kinakaa upande wa Wafini na Waitaliano.

Ndiyo maana mtoto aliyefundishwa vizuri huweza kuzimaliza silabi katika miezi michache, na hatari huanzia hapo hapo. Mama yuko jikoni, anasikia kutoka sebuleni "Ju-ma a-na-che-za m-pi-ra," anamshukuru Mungu, na tangu siku hiyo habari ya kusoma inaachiwa shule. Muulize mtoto huyo Juma anafanya nini, utamwona anarudi kwenye ukurasa kutafuta. Sauti zimetoka mdomoni, maana haikupita kichwani.

Uwezo, mpango uliopita nyumba kwa nyumba kupima watoto Tanzania, Kenya na Uganda, uliipanga safari ya kusoma Kiswahili kwa ngazi nne: silabi, maneno, aya, hadithi. Kipimo kilikuwa cha kiwango cha Darasa la Pili. Kilichowashtua wengi matokeo ya kwanza yalipotoka ni kwamba watoto wengi wa Darasa la Tatu, waliokwisha kuvuka Darasa la Pili, hawakuifikia ngazi ya hadithi. Serikali zilisikia. Mwaka 2015 Tanzania ilianza mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliojikita katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwaka huo huo Kenya ikaanzisha Tusome, mpango uliokusudia kila mtoto awe na kitabu chake badala ya watatu kugombania kimoja. Hatua hizo zilihitajika. Lakini naomba tuelewane tangu mwanzo wa sura hii: silabi ni kazi ya miezi, na shule ikiwa na mwalimu anayejali inaiweza. Kumfanya mtoto apende kitabu na kukielewa ni kazi ya miaka, na sehemu yake kubwa hufanywa nyumbani na watu wasiosomea ualimu.

SIKIO KWANZA

Waliokulia Unguja, Mombasa na kwingineko pwani wanaujua mchezo wa kinyume. Silabi ya mwisho inapelekwa mbele: kitabu kinakuwa "bukita", kesho inakuwa "shoke", na kaka anabaki kaka, jambo ambalo huwachekesha watoto kila mara. Wanauzungumza ili wakubwa wasiwaelewe. Wasichokijua ni kwamba wanafanya zoezi ambalo wataalamu wa kusoma wangelilipia: kulikata neno vipande kwa sikio, kuvihamisha, na kuvitamka upya, yote kwa kasi ya maongezi. Mtoto anayeweza kusema "bukita" ameshajua kwamba neno lina vipande. Ukimwonyesha vipande hivyo kwa maandishi, hashangai.

Kwa hiyo kabla hujanunua ile chati ya herufi ya kubandika ukutani, cheza naye. Pigeni makofi kwa kila silabi ya majina ya watu wa nyumbani. Mwambie atafute vitu jikoni vinavyoanza na "su" au "ki". Mtegee kitendawili. Na jioni msimulie hadithi, ya Sungura na Fisi, ya Abunuwasi, au ya babu yake alivyokimbizwa na nyuki. Ukisema "Paukwa!" naye akaitika "Pakawa!", tayari amekubali kukaa na kufuata jambo lenye mwanzo, kati na mwisho. Maneno kama hila, pango, karamu na majuto hayasikiki kwenye maongezi ya kila siku ya "njoo ule" na "vaa viatu". Mtoto huyapata katika hadithi, na atakapokutana nayo kwenye ukurasa atakuwa anasalimiana na watu anaowafahamu. Asiyeyajua atayasoma kikamilifu, silabi kwa silabi, na hatapata kitu.

Hili lina uzito zaidi kwa mtoto ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kisukuma, Kigogo au Kidholuo, na Kiswahili anakikuta shuleni. Msimulieni kwa lugha ya nyumbani bila wasiwasi. Kuelewa hadithi ni kipaji kinachohama na mtu kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kiswahili chake kitaongezeka akisomewa na kuongeleshwa, na hakuna haja ya kumnyang'anya lugha ya bibi yake.

MITEGO YA NJIANI

Tahajia yetu ni rahisi, lakini ina mitego yake, na ni afadhali mzazi aijue.

Wa kwanza tunautega wenyewe. Tunamfundisha mtoto majina ya herufi kwa wimbo, a, be, che, de, kisha tunamletea neno "mama" na kumwambia aunganishe. Anaunganisha kwa uaminifu: me-a-me-a. Meamea! Wengine wamefundishwa majina ya Kiingereza, na "baba" inatoka "bi-ei-bi-ei". Mtoto hana kosa. Amepewa majina ya herufi wakati alichohitaji ni sauti zake. Mwalimu mzuri wa darasa la awali huanza na irabu, kisha anaileta konsonanti ikiwa imeshikana na irabu: ma, me, mi, mo, mu. Majina ya herufi yatakuja baadaye, siku ya kutafuta neno kwenye kamusi.

Wa pili ni "m" na "n" zinazosimama peke yake. Mtoto amezoea kwamba kila silabi ina irabu, mara anakutana na mtoto, mgeni, nchi, nne. Wengi huchomeka irabu yao, "mu-toto", na katika baadhi ya lugha zetu ndivyo neno hilo linavyotamkwa kweli. Halafu anakuta mbuzi na mboga, ambamo "m" haisimami peke yake hata kidogo, imeng'ang'ania "b". Hapa usimpe kanuni. Mtamkie neno, mwache aligonge mezani kwa kidole, m-to-to mara tatu, mbu-zi mara mbili. Sikio litamweleza kilichomshinda kwa macho. Vivyo hivyo kwa ng'ombe na ngoma: kile kialama kidogo juu ya ng' kinabadilisha sauti nzima, na watoto hukiruka kwa sababu wanaona ni uchafu wa karatasi.

Wa tatu ndio mkubwa, na sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Maneno yetu ni marefu. Chukua "hatukuwaona". Ni neno moja, silabi sita, na ndani yake kuna sentensi kamili. Zaidi ya hayo, mambo mazito ya kitenzi chetu yamekaa mbele: nani, lini, ndiyo au siyo. Mtoto anayejikongoja ha-tu-ku-wa-o-na, akifika "na" ameshaisahau "ha". Anabaki na "ona". Kwake watu wameonekana, na hadithi inaanza kwenda upande mwingine kabisa. "Alipokimbia" na "asipokimbia" zinatofautiana kwa herufi moja karibu na mwanzo, na mwisho wa hadithi unategemea herufi hiyo.

Dawa yake ni kulisoma neno mara mbili. Mara ya kwanza kwa vipande, mara ya pili kwa pumzi moja, kisha sentensi nzima inarudiwa toka mwanzo. Mzazi anaweza kufunika neno kwa kidole na kulifunua kidogo kidogo. Kurudia kunachosha, ndiyo. Lakini mtoto anayesoma ukurasa mmoja mara nne mpaka ukatiririka amepata zaidi ya aliyekokota kurasa nne. Ndiyo sababu pia usimkemee anapotaka kitabu kile kile cha jana na juzi. Wewe umechoka nacho, yeye ndiyo kwanza anaanza kukisikia.

Kuna kosa ambalo si kosa. Mtoto akisoma "zambi" pale palipoandikwa dhambi, au akichanganya "l" na "r" kama wanavyozungumza watu wa kwao, ameshasoma. Lafudhi haifutwi kwa kumkatiza kila mstari. Mwache amalize, mcheke na fisi, halafu kama ni lazima utamke neno hilo vizuri katika maongezi.

KITABU KATI YENU WAWILI

Malezi yetu yana tabia moja inayoupa kusoma pamoja thamani ya pekee. Mkubwa akizungumza, mtoto ananyamaza. Nyumba nyingi zimejengwa juu ya adabu hiyo na sina ugomvi nayo. Lakini mtoto anayefundishwa kunyamaza tu huingia shuleni akijua kuitikia "Ndiyo, Mwalimu", na swali lake linabaki kifuani. Kitabu kinampa ruhusa. Mbele ya picha ya Sungura amejificha kwenye lundo la majani, mtoto anaweza kubishana na baba yake bila kumkosea heshima, kwa sababu wanabishana juu ya Sungura.

Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walionyesha kwamba wazazi waliobadilisha namna ya kusoma na watoto wadogo, wakauliza zaidi na kumwachia mtoto asimulie, walikuza lugha ya watoto wao kuliko waliosoma moja kwa moja hadi mwisho. Majuma machache tu yalitosha kuleta tofauti. Jambo lenyewe halihitaji mafunzo. Badala ya kuuliza "Huyu ni nani?", ambalo hujibiwa kwa neno moja, uliza "Unadhani atafanya nini sasa?" Akisema "Atakimbia," ongeza kidogo: "Atakimbia kwenda wapi, na mto umefurika?" Kisha funua ukurasa. Akiwa amekosea, msicheke ubashiri wake. Muulize mwandishi alikuwa na sababu gani.

Usigeuze kikao hicho kuwa mtihani. Maswali mawili au matatu yanatosha, dakika 10 au 15 zinatosha, na siku ambayo mtoto ana usingizi msomee wewe kila kitu. Akishajua kusoma mwenyewe, usiache kumsomea. Masikio ya mtoto wa miaka saba yanaelewa hadithi ambayo macho yake bado hayaiwezi, na hadithi hiyo ndiyo inayomtamanisha kupanda ngazi.

Na bibi asiyejua kusoma? Huyo ni hazina, wala sisemi hivyo kwa kumfariji. Mtoto anayemsomea mtu ambaye kweli anataka kujua kilichoandikwa husoma kwa bidii tofauti na anayemsomea mama aliyeshayajua majibu. Bibi atakatiza: "Ngoja, huyo mke wa kwanza au wa pili?" Swali hilo linamrudisha mtoto kwenye maandishi kutafuta maana, na hakuna mwalimu anayeliuliza vizuri hivyo.

VITABU VIKO WAPI

Hapa wengi hukunja uso. Vitabu ni ghali, duka la vitabu liko mjini, na vilivyopo vingi ni vya kiada. Yote ni kweli, na nchi yetu ina somo juu ya jambo hili. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 iliwafundisha kusoma mamilioni ya Watanzania, na waliokuwa wakiiongoza walijua kwamba mtu akijua kusoma halafu akakosa cha kusoma, husahau. Ndiyo maana kulianzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho. Maktaba nyingi kati ya hizo zilikuja kukosa vitabu vipya. Kinachompata mtu mzima humpata mtoto upesi zaidi.

Lakini tazama nyumbani kwako kwanza. Kanga imeandikwa mstari mmoja kwa herufi kubwa, wino haufutiki, na mtoto anaiona kila siku. Ni ukurasa mzuri wa kwanza, ingawa baadhi ya majina ya kanga yatakuletea kazi ya kueleza mambo ya mawifi kabla ya wakati wake. Kuna mfuko wa unga, kalenda ya ukutani, kibao cha daladala. Mtoto anayesoma "Mwenge" na kumwambia mama "Hili siyo letu" amesoma kwa maana, na amemwokolea nauli.

Kisha tengenezeni vitabu. Kata karatasi nne za daftari, zikunje, zishone katikati kwa sindano na uzi. Mtoto asimulie, wewe uandike maneno yake kama alivyoyasema, sentensi moja kila ukurasa, yeye achore. Siku tuliyokwenda kwa shangazi. Mbwa wa jirani. Atakisoma siku hiyo hiyo, kwa sababu kila neno lililomo lilitoka kinywani mwake, na atamsomea kila mgeni atakayeingia mlangoni, apende asipende.

Vya kuchapishwa navyo vipo kuliko tunavyodhani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukihimiza uandishi na usambazaji wa vitabu vya Kiswahili tangu 1991, na wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E&D Vision wana orodha za hadithi za watoto. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Kuna watu wanaipita kila siku kwenda Posta na hawajaingia na mtoto hata mara moja. Kenya, tangu 1996, huduma ya maktaba ya taifa imekuwa ikiwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Mwenye simu janja anaweza kupakua bure hadithi za picha za Kiswahili kutoka African Storybook. Mkisomea kwenye simu, kaeni wawili, na taarifa za WhatsApp zizimwe.

Juu ya mashine nina neno moja. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa tableti zenye masomo ya Kiswahili watoto karibu 3,000 wa vijiji vya mkoa wa Tanga, wengi wao hawajawahi kwenda shule. Zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa, na washindi, Kitkit School na onebillion, walistahili kugawana zawadi ya dola milioni 10. Lakini takwimu iliyonishika ni nyingine: wanane kati ya kumi wa watoto hao walikuwa hawajawahi kusomewa nyumbani. Tableti inaweza kubeba kazi ya ba be bi bo bu. Haiwezi kukaa mkekani na kutaka kujua kama huyo ni mke wa kwanza au wa pili.

MAMBO MACHACHE YALIYOBAKI

Wazazi wa shule za Kiingereza huniuliza waanze na lugha ipi. Anzeni na ile mtoto anayoizungumza. Akikielewa Kiswahili kwenye karatasi, atakuwa ameshagundua siri ya kwamba herufi husema, na atakwenda nayo kwenye Kiingereza.

Mtoto wa pwani anayekwenda chuo cha Kurani alasiri husoma Kiarabu kutoka kulia na Kiswahili kutoka kushoto. Akichanganya mwanzoni, au akiandika "b" na "d" kinyumenyume, subirini. Kabla ya miaka saba hilo ni jambo la kawaida.

Fimbo na kitabu visikae pamoja. Mtoto aliyetumwa "kasome" kama adhabu atakichukia kitabu kwa sababu ile ile anayoichukia adhabu. Na usimlinganishe na mtoto wa jirani, maana humjui mtoto wa jirani.

Mtoto akifika Darasa la Tatu bado anakokota, hata baada ya kusomewa na kusaidiwa, apimwe macho na masikio kabla ya kuitwa mvivu. Akiwa mzima, kuna hali inayoitwa disleksia, nayo katika lugha zenye tahajia nyoofu kama yetu hujificha vizuri. Mtoto hakosei herufi sana. Anasoma sawa, ila polepole kupita kiasi, na ikifika aya ya pili amechoka kabisa. Mwalimu asiyelijua hilo humwandikia "aongeze bidii". Anachohitaji ni muda, aya fupi, na mtu wa kupokezana naye mstari kwa mstari.

Mwisho nazungumza na wewe usiye na mtoto mdogo. Sisi ni watu wa michango. Tunachangia harusi, send-off, kipaimara, na tunajua kiwango cha kadi ya mtu mmoja na cha wawili. Safari ijayo ukialikwa ubarikio au sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto, mpelekee kitabu cha hadithi cha Kiswahili pamoja na bahasha yako, uandike jina lake ukurasa wa kwanza, na kabla hujaondoka kaa naye umsomee kurasa mbili.